Mto Uliopanda Mlima

Mimi mtoto wa Ifakara. Matope ya bonde la Kilombero nimeyavuka tangu nasoma darasa la pili, viatu mkononi. Kwa hiyo bosi wangu huku Kanada aliponiuliza kama naiweza kazi ya kupima kinamasi karibu na Churchill, nilicheka. Kinamasi? Niachie mimi.

Churchill iko Manitoba, ufukweni mwa Hudson Bay. Barabara ya kufika huko hakuna, ni treni au ndege. Nchi bapa kama chapati, madimbwi kila upande, na mbu wamejaa kama wageni wasioalikwa harusini. Mlinzi wetu, mzee mmoja Mkrii, wa wenyeji wa asili wa huko, alibeba bunduki kwa ajili ya dubu weupe, ambao kiangazi hukaa nchi kavu wakisubiri bahari igande.

Asubuhi nikasimika kipokezi cha setilaiti, kile cha kupimia kimo cha mahali, juu ya miguu yake mitatu, pahala laini kama godoro jipya. Mzee akakitazama, akanitazama, akawasha kiko. Kipokezi hicho ndicho baba wa vipimo vyote: hakitakiwi kusogea hata kidogo. Mwenzake nikambeba kwenye fimbo, nikashuka na kijito kuelekea baharini, nikipima kimo cha maji. Jioni nikarudi najisifu.

Saa nne usiku, nje bado mwanga, nikafungua kompyuta. Kijito kilikuwa kinapanda! Kadiri kilivyokaribia bahari, ndivyo kilivyozidi kukwea.

Bosi akapiga simu. "Huu mto wako unakwenda wapi?"

Nikakumbuka shule. Nikamwambia ardhi ya huku inainuka, kwa kuwa barafu nzito iliyoikandamiza zamani iliyeyuka. Inainuka karibu sentimita moja kwa mwaka.

"Kwa mwaka," akasema. "Wewe umeiinua sentimita kumi na tisa kwa siku moja."

Kulipokucha tukarudi. Miguu mitatu imezama, kipokezi kimeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Chenyewe kikizama, kila kinachopimwa kutoka kwake huonekana kimepanda. Godoro lilikuwa mboji iliyolowa, na miguu ya kipokezi haikufika kwenye udongo ulioganda daima chini yake.

"Mzee, jana uliona kinazama?"

"Tangu asubuhi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akatoa kiko mdomoni. "Nilidhani unapima kina cha matope."