Msihamishe Kiti cha Mama Bila Kumwuliza

“Watazoea tu.” Kauli hiyo sitaki kuisikia tena. Mdogo wangu alinijibu hivyo Jumamosi, jasho likimtoka, sebule nzima ameshaigeuza: kochi chini ya dirisha, kabati la vyombo ukuta wa pili, na kiti cha mama, kile cha mbao ambacho mgongo wake umeshikwa mpaka unang'aa, kimesukumwa pembeni eti kinabana njia. Mama alikuwa safarini.

Aliporudi akasifu. “Pamependeza, wanangu.” Usiku akaamka kwenda msalani. Huwa hawashi taa, asije akatuamsha. Nilisikia hatua zake, tatu, nne, kisha kimya. Nikatoka. Nikamkuta amesimama gizani, mkono wa kushoto ameunyoosha, anapapasa hewa pale ambapo miaka yote mgongo wa kiti ulikuwapo. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Sijui niko wapi.”

Nyumbani kwake mwenyewe!

Mkono ule haukunitoka akilini, nikaanza kusoma. Mwaka 1971 mwanasayansi wa ubongo John O'Keefe na mwenzake walieleza seli katika ubongo wa panya zinazochangamka pale tu mnyama anapofika mahali fulani, kana kwamba kichwani ana ramani. Kazi hiyo ilimpa O'Keefe sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2014, na seli za namna hiyo zimeonekana kwa binadamu pia. Basi mama hakuwa mbishi wala mzee asiyetaka mambo mapya. Ramani aliyoijenga kwa miaka ilimwambia shika hapa, na hapo hapakuwa na kitu. Kwa mtu wa umri wake, hatua moja isiyo na pa kushika inaweza kuwa nyonga iliyovunjika.

Haya, nakubali: sebule sasa ina hewa. Kabati lile lilikuwa limeziba nusu ya dirisha na sote tulilivumilia bure. Watoto nao walizoea siku ileile, wameshajitengenezea maficho nyuma ya kochi.

Lakini watoto wanaona vizuri na wakianguka wanainuka. Wa kuulizwa kwanza ni yule anayetembea kwa kupapasa: mzee, mwenye macho hafifu, aliyeanza kusahau. Aulizwe kabla kitu hakijaguswa, awepo mchana vinapohamishwa, apite mwenyewe kwa miguu yake. Kumshtukiza mtu wa namna hiyo kwa zawadi ya sebule mpya ni kumnyang'anya nyumba, hata kama nia ni upendo. Na nia ya mdogo wangu ilikuwa upendo, hilo najua.

Jumapili tulikitoa kiti pembeni. Mama alichagua mwenyewe pa kukiweka, hatua mbili kutoka mlango wa chumba chake. Akakishika mgongo, akafumba macho, akaenda hadi msalani na kurudi. Mara tatu. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake, mikono tayari kumdaka.