Matroni, saini hiyo barua

Barua yangu ya kuomba ruhusa ya masomo ilikaa mezani kwa mkuu wangu wa wodi wiki sita. Kila nikiulizia, naambiwa, "Dada, watu wachache, subiri." Dirisha la udahili likafungwa. Nilikuwa na astashahada ya uuguzi, natafuta stashahada. Ada nilikuwa nayo na matokeo yalitosha. Kilichokosekana ni saini.

Simlaumu kwa kusema watu wachache. Usiku nilikuwa nikibaki peke yangu na wagonjwa zaidi ya thelathini. Ila kumzuia muuguzi asisome hakujaongeza mtu hata mmoja wodini.

Walio nje ya kazi hii hudhani kupanda daraja ni vyeti na miaka kazini tu. Katika hospitali zetu za serikali hapa Tanzania, karibu kila hatua inapita kwa msimamizi wako. Ombi la masomo linaanzia kwake. Kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi uliochukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS, yeye ndiye anayepitia kazi zako na kukupima. Hata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga huhuishwa kwa pointi za mafunzo endelevu, na semina utaiendea saa ngapi kama ratiba imekubana kila asubuhi?

Hiyo ratiba ya zamu, kwangu, ndiyo kila kitu. Nilipohamishiwa wodi nyingine nilianza kozi ya masafa, ile ya kusoma ukiwa kazini na kwenda chuoni kwa vipindi. Matroni wa pale alichukua kalamu kabla sijamaliza kujieleza: "Mwanangu, wiki zako za chuo ni zipi?" Akazizungushia duara. Wenzangu wakanishikia zamu, nami nikawalipa kwa kufanya kazi Krismasi mbili mfululizo. Matroni hakunipa hata shilingi, na nilimaliza.

Kwa hiyo nataka mkuu wa wodi apimwe pia kwa wangapi aliowawezesha kusoma. Akikataa ombi, aandike sababu, aandike na lini zamu ya mwombaji itafika. Kunyamaza wiki sita kusiruhusiwe.

Leo mkuu wa wodi ni mimi. Ukutani nimebandika foleni ya masomo, kila mtu anaiona. Wawili wako chuoni. Wa tatu ameleta barua juzi, na wa kumshikia zamu za usiku sijampata. Nimesaini. Zamu zake za mwezi wa kwanza wa masomo nitazifanya mwenyewe.