Vikao Thelathini na Kimoja

Kampuni za utafiti na ushauri huuza bidhaa mbili: namba, na maelezo ya namba. Namba hupatikana kwa taabu. Wadadisi wazunguke na tableti zao, wafungiwe milango, waulizwe maswali wao badala ya kuuliza, kisha data isafishwe na majedwali yakataliwe mara kadhaa. Maelezo hayana taabu hata kidogo, maana Dokta huwa anayo kabla namba hazijafika.

Dokta ndiye mkuu wetu wa kazi. Mpe asilimia yoyote ile, atakwambia imesababishwa na nini. Kuna siku mchora chati alibadilisha safu mbili bila kujua, wanaume wakawa wanawake na wanawake wakawa wanaume. Dokta akaieleza chati hiyo mpaka tukaelewa. Iliporekebishwa akaieleza tena, kwa maneno yaleyale, na safari hii tukaelewa zaidi.

Sasa taasisi moja kubwa ilitupa kazi. Hadidu za rejea zilikuwa na kurasa nyingi, lakini ukizikamua unabaki na swali moja: kwa nini kazi haziendi? Tukatunga dodoso. Ndani yake tukaweka ile mizani aliyoitoa mwanasaikolojia Rensis Likert mwaka 1932, ya kutoka "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", ambayo mtu aliyechoka hutia alama katikati toka swali la kwanza hadi la mwisho, akarudi kazini kwake. Tukaweka na swali la namba: "Katika siku 7 zilizopita, umehudhuria vikao vingapi?" Asiyekumbuka aandikiwe 99.

Hiyo 99 si uchawi. Ni msimbo, na karibu kila anayefanya dodoso anao wa kwake. Unachagua namba ambayo haiwezi kuwa jibu la kweli, halafu wakati wa kusafisha data unaiondoa kabla ya kupiga wastani. Nani atahudhuria vikao 99 ndani ya wiki?

Tusichokitarajia ni kwamba pale watu walikuwa na vikao vingi kiasi cha kutokumbuka. Zaidi ya robo yao walijibu hivyohivyo: sikumbuki.

Kusafisha, data ilisafishwa. Dada Takwimu, tumwite hivyo, aliondoa 99 zote na kuhifadhi faili. Ila kwenye seva yetu kuna faili linaloitwa "safi", lingine "safi_mwisho", lingine "safi_mwisho_kabisa", na lingine "mwisho_kabisa_tumia_hili". Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, mchora chati, macho yakiwa mekundu, alichukua lile la "safi". Katika yote manne, ndilo pekee lililokuwa chafu.

Asubuhi tukaingia ukumbini kwa mteja. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza slaidi, maana Dokta hagusi kompyuta mbele za watu. Husema "endelea" tu. Akafungua kwa kisa chake kipenzi. Maprofesa wawili wa uchumi, Reinhart na Rogoff, waliandika mwaka 2010 kuhusu madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi. Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja, Thomas Herndon, akalifungua jedwali lao na kukuta fomula ya wastani imeruka nchi 5: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Ukumbi ukacheka. Dokta akangoja kicheko kiishe, akasema, "Sisi kwetu, waheshimiwa, kila jedwali hupita chini ya macho matatu." Sijui jicho la tatu lilikuwa la nani.

"Endelea."

Nikabonyeza. Likatokea tarakimu kubwa la rangi ya chungwa: 31. Wastani wa vikao kwa mtu mmoja kwa wiki. Chini yake, kwa herufi ndogo: cha chini 0, cha juu 99.

Jasho jembamba likanitoka. Nikamtazama Dada Takwimu. Alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja. Nikakohoa. Dokta akasema, "Mpeni kijana maji." Nikaruka haraka kwenda slaidi inayofuata. "Rudisha," akasema. "Hapo ndipo penye utamu."

Nikarudisha.

"Thelathini na kimoja!" Dokta akaanza, na sauti yake ilikuwa imeshapanda. "Gawanya kwa siku 5 za kazi. Ni zaidi ya vikao 6 kila siku ya Mungu! Waheshimiwa, hapa hatuzungumzii vikao. Tunazungumzia utamaduni."

Nilitarajia mtu ainue mkono aseme haiwezekani. Hakuna. Wakuu wa idara walikuwa wanatikisa vichwa kwa uchungu. Mmoja akasema kwake ni zaidi ya hapo. Mwenzake akamjibu kwamba asijisifu, idara yake ndiyo inayoongoza. Mama mmoja wa utawala akavua miwani, akajifuta macho, akasema, "Angalau leo kuna watu wametusikiliza."

Ndipo mhasibu mkuu, ambaye muda wote alikuwa kimya (ogopa sana mhasibu aliyekaa kimya), akauliza, "Samahani Dokta. Huyu mwenye vikao 99 ni nani?"

Dokta akageuka kuitazama skrini, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Swali zuri," akasema. Akanywa maji. Yalikuwa maji yangu. "Maadili ya utafiti hayaturuhusu kumtaja mshiriki."

"Hatutaki kumwadhibu," akasema mkurugenzi mkuu. "Tunataka kumpunguzia mzigo."

Minong'ono ikaanza. Macho yakatembea kiti hadi kiti, yakaishia kwa bwana mmoja mwembamba wa manunuzi, mwenye shati lililokunjika na sura ya mtu aliyelala saa mbili. Jirani yake akamshika bega. "Pole sana, kaka." Na yule bwana, badala ya kukana, akainamisha kichwa akazipokea pole zote zilipokuwa zinakuja.

Dada Takwimu hakuvumilia. Akasimama, akaeleza kwa adabu: 99 ni msimbo wa asiyekumbuka, hakuna mtu wa vikao 99, wastani wa kweli ni 6.

Kimya. Halafu mkurugenzi mkuu, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu: "Sita? Sita tu?"

"Kwa wiki," akasema Dada Takwimu.

"Hiyo haina uhalisia," akasema mama wa utawala, miwani ikirudi usoni. Bwana wa manunuzi naye akainua kichwa: "Mimi wiki yangu naijua."

Basi Dokta akafanya jambo ambalo mpaka leo sijaamua kama ni ujanja au elimu. Akasogea mbele, mikono nyuma. "Sita ni ya wale waliokumbuka. Je, wasiokumbuka? Nani husahau idadi ya vikao vyake, mwenye viwili au mwenye ishirini?"

Dada Takwimu akafungua mdomo, akaufunga. Balaa ni kwamba hoja ilikuwa na mashiko. Wasiojibu wakiwa tofauti na waliojibu, kuwaondoa kunaupotosha wastani, na huenda ile 6 ilikuwa ndogo kuliko ukweli. Hilo lipo kwenye vitabu vyake mwenyewe, na Dokta alilikumbuka wakati mbaya kuliko wote, au mzuri, inategemea umekaa upande gani wa bajeti.

Tulitoka pale na kazi mpya: awamu ya pili, kuwachunguza wasiokumbuka. Msimbo tumeubadilisha, sasa ni hasi 99, ili wastani ukiharibika uharibike waziwazi. Mteja naye ameunda kamati ya kupunguza vikao, inayokutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Katibu wake, kwa kuzingatia uzoefu, ni yule bwana wa manunuzi.

Nilipompelekea dodoso jipya alilisoma lote, akalirudia swali la vikao, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Na hivi vya kamati, mnavihesabu?"