Krismasi Haianzi Tarehe 25

Ninaoka keki jikoni mwangu mtaani Kiamunyi, hapa Nakuru, na huu ni mwaka wa saba. Miaka ya mwanzo niliamini kwamba Desemba ni mwezi wa kuuza tu. Harusi na mahari zinafuatana, ofisi zinafunga mwaka kwa sherehe, na mteja ambaye mwezi wa Julai hujadili bei siku tatu huagiza bila kuuliza mara mbili. Tena nyuma ya Desemba imesimama Januari na karo yake, na kila mzazi wa Kenya anajua kwamba fedha za mwisho wa mwaka zina mwenyewe. Kwa hiyo nilikuwa nikipokea oda hadi tarehe 24, kisha nikisafiri usiku kwenda kwetu Maragoli, Kaunti ya Vihiga magharibi mwa Kenya, na nilijihesabu kuwa nimeiheshimu familia kwa kuwa tarehe 25 nilikuwa mezani pamoja na wengine.

Leo sihesabu hivyo. Nimefikia kuamini kwamba anayefika siku ya Krismasi yenyewe amekuta sehemu kubwa ya sikukuu imeshapita, kwa sababu mila za familia hukaa zaidi katika siku nne au tano za maandalizi kuliko katika chakula kinachopakuliwa mwishoni. Mwenye biashara ya nyumbani akitaka kupunguza kasi kwa ajili ya watu wake, hizo ndizo siku anazopaswa kuzitoa. Kutoa tarehe 25 peke yake hakumgharimu kitu. Siku hiyo hata wateja wanakula.

Kilichonifungua macho ni mwaka 2022. Niliondoka Nakuru alfajiri ya tarehe 25 baada ya kukesha nikipamba keki za watu, nikapitia Mau Summit, Kericho na Ahero hadi Kisumu, kisha nikapanda Kiboswa na Majengo nikiwa na watoto wawili waliolala njia nzima. Tulifika adhuhuri. Jiko la nje la Mama lilikuwa limesiribwa upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, makaburi ya babu zetu yalikuwa yamepaliliwa, na chapati za usiku wa mkesha zilikuwa zimefunikwa kwa kitambaa ndani ya karai. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo iliyokuwa imepita mikononi mwangu wala mwa wanangu. Kabla sijamaliza kuwasalimu wazee simu ikalia: mteja alikuwa amebeba keki garini kwenye jua na krimu ilikuwa imeyeyuka. Nilisimama chini ya mparachichi dakika arobaini nikimtuliza. Niliporudi, sala ya makaburini ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wananawa mikono. Mama hakunilaumu. Aliniwekea kiti na kusema, "Keti, mwanangu, umechoka." Maneno hayo yaliniuma kuliko lawama, kwa sababu yalinipokea kama mgeni.

Kitu kimoja kinaweza kueleza ninachokisema. Kwetu mrenda, ile mboga ya majani yenye utelezi, haupikwi kwa magadi ya dukani ikiwa ni sikukuu. Mama huhifadhi maganda ya maharagwe tangu mavuno, huyachoma hadi yawe majivu, huyashindilia katika mkebe wa zamani uliotobolewa matundu madogo chini, akauegesha juu ya sufuria na kumimina maji kidogo kidogo. Maji hayo hutona polepole yakiwa na rangi ya chai ya rangi, na ukiyaonja yanauma ulimi. Hiyo ndiyo munyu, na kijiko kimoja au viwili vinatosha kulainisha sufuria nzima ya mboga. Kazi yenyewe huchukua sehemu kubwa ya asubuhi, na ukiharakisha kwa kumwaga maji mengi, unapata maji yasiyo na nguvu. Mwaka 2023, nilipofika mapema kwa mara ya kwanza, binti yangu aliketi kando ya mkebe huo na Mama, yaani nyanya yake, ambaye wajukuu humwita Guku, tangu baada ya uji hadi karibu saa sita. Katika saa hizo alisikia jinsi babu yake alivyooa, kwa nini shamba la chini linaitwa jina linaloitwa, na ni shangazi yupi aliyewahi kumkimbiza fisi kwa mwiko. Sijui ni wapi pengine hadithi hizo zingesimuliwa. Mezani watu ni wengi na kila mtu anazungumza. Kando ya mkebe kuna watu wawili na hakuna la kufanya ila kungoja maji yatone.

Tatizo la biashara ya nyumbani ni kwamba haina mlango wa kufunga. Mwenye duka mjini huteremsha chuma, akatia kufuli na kwenda zake. Aliyeajiriwa analindwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inayompa siku zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na tarehe 25 na 26 Desemba ni sikukuu za taifa. Sisi tunaooka, tunaoshona na tunaosuka majumbani hatuna sheria inayotupumzisha. Mteja huingia kupitia simu saa nne usiku, na kwa kuwa oveni iko hatua tatu kutoka kitandani, tunaona aibu kumkatalia. Mlango huo lazima tuujenge wenyewe, na mimi nimeujenga kwa tarehe: oda ya mwisho huondoka kwangu tarehe 19 Desemba.

Najua mwenzangu atauliza karo italipwa na nini, na swali hilo ni la haki kabisa. Sitaki kumdanganya mtu kwamba hakuna kinachopotea. Mwaka wa kwanza wa kufunga mapema nilikataa oda ambazo zingelipa zaidi ya nusu ya karo ya muhula, na Januari ile niliisikia. Kilichonisaidia baadaye ni kubadilisha ninachouza. Keki laini ya krimu haingoji. Ikipita siku mbili tatu hata ndani ya friji ladha yake inashuka, na ndiyo maana inamfunga mwokaji hadi mkesha wa sikukuu. Keki ya matunda makavu ni kinyume chake. Ukiyaroweka matunda vizuri, ukaioka kwa moto mdogo, ukaifunga kwa karatasi ya kuokea na foili na kuiweka ndani ya mkebe usiopitisha hewa, itakaa wiki kadhaa na utamu wake utazidi kukomaa. Sasa naanza kuzioka katikati ya Novemba, nawatangazia wateja tangu Oktoba, na anayetaka hutuma arubuni ya nusu bei kwa M-Pesa. Fedha ambazo zilikuwa zikija kwa kishindo katika siku tano za mwisho zinakuja kwa wiki tano. Wapo wateja walioniacha, hasa wale wa kukumbuka keki tarehe 23, na sikuwalaumu. Wengi zaidi wamezoea, na mmoja aliniambia kwamba sasa tarehe yangu inamsaidia hata yeye kupanga safari ya kwao Bungoma.

Wapo ambao hawawezi kufanya hivi. Anayeuza mboga au maziwa hawezi kuyaweka wiki tano, na anayelea watoto peke yake kwa pato la siku hana cha kukataa. Simwandikii huyo. Namwandikia yule aliye kama nilivyokuwa, anayeweza kufunga lakini anaogopa kuonekana mvivu, na ambaye amewazoesha jamaa zake kumwekea chakula pembeni.

Mwaka jana tulifika tarehe 20. Tulisiriba jiko pamoja, mwanangu wa kiume akabeba maji na kujipaka udongo hadi masikioni, na usiku wa mkesha wanawake watano tulisukuma chapati za kilo sita za unga huku Mama akituamuru kuyaacha madonge yapumzike chini ya kitambaa. Tarehe 26 tulikwenda Mbale, mji ulio huko huko Vihiga, kwenye sherehe za utamaduni wa Wamaragoli. Wiki mbili zilizopita Mama alinipigia simu kuniuliza kama binti yangu atakuja mapema tena, kwa sababu maganda ya maharagwe ameshayaanika na hataki kuyachoma kabla hajafika. Nimeandika tarehe 19 kwa wino mwekundu kwenye kalenda iliyo juu ya oveni, na leo nimeroweka kilo nne za zabibu.