Kabla ya Kuandika Kichwa cha Tasnifu

Katika vyuo vingi vya Marekani, anayeanza shahada ya uzamivu katika sayansi ya ubongo na neva hatakiwi kuja na kichwa cha tasnifu mkononi. Mwaka wa kwanza husoma anatomia ya mfumo wa neva, jinsi seli zinavyopelekeana ishara, na takwimu. Wakati huohuo hupitia maabara tatu hivi, kila moja kwa wiki nane hadi kumi, ndipo amchague msimamizi. Karibu na mwisho wa mwaka wa pili hufanya mtihani wa kufuzu mbele ya kamati, kisha tasnifu humchukua muda uliobaki, hata safari nzima ikafika miaka mitano au sita. Hapa Lubumbashi wenzangu wakisikia hayo hucheka: arudi darasani mtu ambaye tayari ni daktari?

Nami nilicheka. Nilikuwa nimekusanya vipimo vya umeme wa ubongo vya watoto 12 wenye kifafa, nikakata kila kipimo vipande 20, nikapata vipande 240, nikavipigia hesabu kana kwamba ni watoto 240. Promota, ndivyo tunavyomwita msimamizi wa tasnifu, alikuwa tabibu hodari wa neva, lakini takwimu hazikuwa shamba lake, akatia sahihi. Mtahini kutoka nje aliuliza swali moja tu: "Bwana, watoto wako ni wangapi?" Jibu langu lilifuta sura mbili. Vipande vinavyotoka katika kichwa kimoja hufanana kama ndugu wa tumbo moja, na kimoja hakiwezi kuhesabiwa mgeni kwa mwenzake. Jambo hilo ni la somo la takwimu, somo ambalo hakuna aliyenitaka nilisome.

Wapo wanaonijibu kwamba Ufaransa tasnifu ni ya miaka mitatu na madarasa ni machache. Ni kweli, ila kule mwanafunzi huwa ameshinda maabarani miezi kadhaa katika mwaka wa mwisho wa shahada iliyotangulia. Sisi, katika mfumo wa LMD (Licence-Master-Doctorat, yaani shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu), tumechukua ile miaka mitatu na kuiacha ile miezi, na kinachobaki ni kijana anayeandikisha kichwa cha tasnifu na jina la promota siku ya kwanza, kama anayeoa kwa picha.

Kwa hiyo, sharti moja tu likiazimwa, ningeazima lile la kuzunguka maabara kadhaa kabla ya kuchagua msimamizi. Halihitaji darubini ya bei kubwa. Kijana anayetaka kuandika juu ya kifafa akae kwanza wiki chache katika chumba cha vipimo, aone mama aliyemleta binti yake na nywele zilizosukwa juzi kwa gharama, akiambiwa azifumue kwa sababu elektrodi, vile vipokezi vya umeme wa ubongo, lazima ziguse ngozi ya kichwa. Mama anakataa, fundi anapitisha waya katikati ya mistari ya nywele, na mchoro unatoka umejaa kelele ambazo msomaji asiyekuwepo anaweza kuzidhania ugonjwa. Baada ya hapo aende kwa watu wa takwimu, kisha kwa wakemia. Konzo, ule ulemavu wa ghafla wa miguu ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938, hauwezi kueleweka na tabibu wa neva peke yake: chanzo chake kimo katika mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha, sumu yake ya sayanidi, na chakula kisicho na protini yenye salfa.



Najua nitaulizwa fedha zitatoka wapi. Wiki nane katika chumba cha vipimo zinagharimu nauli na daftari. Fundi wetu amekwisha kusema yuko tayari kuwapokea wawili kwa zamu, mradi wafike saa moja asubuhi, kabla umeme haujakatika.