Lehemu si gundi

Seti yangu ya kwanza ya kielektroniki ilikuwa ndogo: taa mbili za LED za kuwaka kwa zamu, transista mbili, kapasita mbili, rezista nne na betri ya volti 9. Karatasi ya maelekezo ilieleza vizuri kila kipuri kikae tundu gani la bodi. Mguu mrefu wa LED ni chanya, mstari ubavuni mwa kapasita ni upande wa hasi. Nilifuata yote. Nilipounganisha betri, taa zote mbili ziliwaka, zikabaki zimewaka bila kupepesa hata mara moja.

Kwa siku mbili nilizilaumu transista. Kumbe kosa lilikuwa kwenye mguu mmoja wa kapasita: tone la lehemu, ile metali inayoyeyushwa ili kuunganisha vipuri na bodi, lilikuwa limekaa juu yake kama shanga, halijashika chochote. Katika saketi hii kapasita ndizo zinazozigawia transista zamu. Ikitoka moja, transista zote mbili hupitisha umeme muda wote, na taa zote huwaka. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo, ila karatasi haikuwa imeniambia kazi ya kapasita. Wala haikusema neno lolote kuhusu joto, na hapo ndipo ninapokuwa na ugomvi na karatasi hizi.

Mtu anayeanza huichukulia lehemu kama gundi. Anaiyeyusha kwenye ncha ya chuma cha kulehemu, anaibeba, anaidondosha juu ya mguu. Lakini ndani ya waya wa lehemu kuna flaksi, dawa ya kusafishia metali, na kazi yake ni kuondoa ule utando unaoizuia lehemu isishikane na shaba. Ukiibeba lehemu kwenye ncha, flaksi inaungua na kwisha njiani. Inayofika ni metali tupu, nayo hujikunja kuwa shanga.

Ncha inapaswa kugusa mguu na pete ya shaba inayozunguka tundu la bodi kwa pamoja, sekunde moja au mbili, ndipo waya wa lehemu uguswe kwenye kiungo chenyewe, upande wa pili wa ncha. Kiungo kikiwa na moto wa kutosha, lehemu hutambaa yenyewe na kuzunguka mguu, ikaacha umbo la mlima mdogo wenye miteremko iliyobonyea. Wakati huo bati lililomo kwenye lehemu linaungana na shaba na kutengeneza tabaka jembamba jipya. Toa waya kwanza, kisha ncha, na usitikise bodi hadi ipoe.

Wengi huogopa kuunguza vipuri, kwa hiyo hushusha joto. Naona woga huo ndio unaoharibu kazi nyingi. Lehemu ya bati asilimia 60 na madini ya risasi asilimia 40 huyeyuka yote kwenye nyuzi 190 za Selsiasi hivi, na ile ya bati na shaba isiyo na risasi huhitaji 227, lakini shaba ya bodi hunyonya joto haraka. Mimi huweka chuma karibu na 350 na kukitoa mapema. Ncha iliyopoa hukulazimisha kung'ang'ania pale pale sekunde kumi, na joto lote hilo linapanda mguuni hadi ndani ya kipuri. Hali ni hiyo hiyo kwa ncha iliyoungua ikawa nyeusi, kwani haipitishi joto. Ifute, kisha uipake lehemu mpya kabla ya kuendelea.

Moshi unaouona unatoka kwenye flaksi, nao huwasha mapafu, basi fungua dirisha. Risasi hubaki vidoleni; nawa mikono kabla ya kula.

Kiungo changu kibovu nilikiongezea lehemu mpya kidogo, kwa ajili ya flaksi yake, nikakipasha moto hadi lehemu ikatambaa. Nikarudisha betri. Taa ya kushoto, ya kulia, ya kushoto tena, kila moja kwa theluthi ya sekunde hivi.