Vifurushi Vimeiokoa Posta, Barua Je?

Wanaotetea hatua ya mashirika ya posta kugeuka kampuni za lojistiki huanza na mfano wa Ujerumani, na wana sababu. Mwaka 1995 posta ya serikali ilifanywa kampuni ya hisa iliyoitwa Deutsche Post. Mwaka 2000 hisa zake zikaanza kuuzwa sokoni. Mwaka 2002 ikakamilisha kuinunua DHL, iliyoanzia San Francisco mwaka 1969. Na mwaka 2005 ikainunua Exel ya Uingereza, iliyobobea katika maghala na usafirishaji wa mizigo. Mwaka 2023 kundi zima likaitwa DHL Group, yaani aliyenunuliwa ndiye aliyempa mnunuzi jina.

Hoja yao ina uzito. Barua zinapungua kwa sababu ankara na taarifa za benki zimehamia kwenye simu na kompyuta, lakini gharama ya kuzifikisha haipungui kwa kasi hiyo: anayezunguka mtaa mzima na barua kumi huchoka karibu sawa na aliyebeba mia, kwa kuwa njia ni ileile. Ndiyo maana katika maeneo mengi ya vijijini Ujerumani mtu mmoja huleta barua na vifurushi kwa gari moja, na jozi ya viatu iliyonunuliwa mtandaoni husaidia kulipia safari ya barua ya mjukuu kwa bibi yake. Binafsi sioni njia nyingine ambayo ingeiwezesha safari hiyo kuendelea bila kuegemea hazina ya serikali.

Hata hivyo, aliyebebwa hapangi safari. Sheria mpya ya posta ya Ujerumani ya mwaka 2024 imelegeza masharti: zamani asilimia 80 ya barua zilipaswa kufika siku ya kazi iliyofuata, sasa inatosha asilimia 95 zifike kufikia siku ya tatu. Kwa mfanyabiashara si hasara kubwa. Kwa mgonjwa anayesubiri barua ya hospitali, au mtu aliyepewa na mamlaka siku chache za kukata rufaa, siku mbili ni nyingi.

Wakosoaji wengi huulaumu ubinafsishaji, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kampuni ya posta ya PostNord ni mali ya serikali za Uswidi na Denmark, lakini tarehe 30 Desemba 2025 ilisitisha kupeleka barua nchini Denmark, kazi yenye historia ya miaka 400, ili ishughulikie vifurushi. Kampuni binafsi ikabaki kuzipeleka. Ujerumani, ambako hisa nyingi zimo mikononi mwa wawekezaji, barua bado hupelekwa siku sita kwa wiki. Tofauti imo katika sheria: Denmark iliondoa wajibu wa huduma kwa wote, yaani sharti la kumfikishia kila mtu barua popote alipo, kuanzia 2024, Ujerumani ikaubakiza.

Kwa hiyo mvutano wa kweli uko katika vifungu vya sheria. Ujerumani bado inadai vituo 12,000 vya posta nchini, ila sasa, kwa idhini ya msimamizi wa sekta, mashine ya kujihudumia inaweza kuhesabiwa kuwa kituo. Mashine hiyo hutoa stempu na kupokea kifurushi usiku wa manane, jambo ambalo kaunta haikuliweza kamwe. Lakini mzee aliyeshika bahasha asiyojua aibandike stempu ya kiasi gani hatapata pale mtu wa kumuuliza, na kituo chake kitakuwa kimehesabiwa katika vile 12,000.